Deki Mbili Chini ya Kitambaa

Februari, Saskatoon, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
Garnet kavuka barabara na deki yake mpya kifuani
kama aliyetoka nayo wodi ya wazazi,
barafu imemganda kwenye kope.
Dola mia tisa. Alitaja bei kabla ya salamu.

Mume wangu Orest hakuinuka.
Yake kainunua dola themanini,
risiti kaiweka kwenye droo ya vijiko
ili mtu akibisha asibishane na maneno matupu.
Inacheza DVD zile zile za zamani, ila inazikuza:
inapokea mistari mia nne na themanini,
inatoa elfu moja na themanini.
"Hiyo mingine inaitoa wapi?"
"Inakisia," akasema,
kwa fahari ya mzazi ambaye mwanawe anadanganya vizuri.

Tukashuka chumba cha chini,
kwenye boila na mitungi ya matango ya siki.
Deki zote mbili zikafunikwa kitambaa cha meza,
kile cha Pasaka, chenye majogoo mekundu.
Rimoti nikapewa mimi, na amri ya kunyamaza.
Filamu moja, diski mbili:
jinsi reli ilivyofika kwenye nyika za ngano.
Jaji ni shangazi Paraska, miaka themanini na miwili,
aliyetolewa mtoto wa jicho mwezi wa Oktoba
na tangu siku hiyo hasamehi vumbi la nyumba ya mtu.

Mbingu kwanza.
"Sawasawa," akasema shangazi.

Kisha shamba.
Orest akaruka: "Mnaona! Masuke yanahesabika!"
Nami mwenye rimoti nikatazama majogoo.
Ilikuwa ya Garnet.

Kisha stesheni, umati, moshi,
na nyuma ya pipa la maji
doa laini, la kupendeza,
kama shavu lililopigwa pasi.
Nikabonyeza.
Doa likawa mwanamke.
Kilemba kimelegea, jino la mbele halipo,
hamtazami mpiga picha,
anatazama kamba ya kiatu chake iliyofunguka.

Shangazi akainuka, jambo ambalo halifanyi bure.
"Rudisha."
Nikarudisha: shavu, pasi.
"Lete tena."
Mwanamke.
"Huyu alikuwepo," akasema. "Kule wamempangusa."
Tukadhani ni ndugu yetu.
"Simjui hata kidogo. Nasema alikuwepo."

Hapo Garnet akajisahau, akafunua kitambaa mwenyewe.

Haya, na Orest naye asikilizwe.
Garnet ana diski tatu, na moja ni ya majaribio.
Sisi tuna mia mbili na kumi na mbili,
na hakuna atakayezinunua upya.
Tena hizo mpya zina kambi mbili zinazotoana macho;
mwakani ikishinda ile nyingine,
dola mia tisa atawekea kikombe cha kahawa.
Orest akaleta utepe wa fundi, akapima:
kochi hadi runinga, mita nne na robo.
Akatukalisha wote pale, tumebanana.
Nikabonyeza, nikabonyeza.
Kutoka pale, doa na mwanamke ni kitu kimoja.
Hata shangazi alikiri, kwa shingo upande.

Garnet akaondoka na deki yake chini ya koti,
ameshinda, hana raha.

Usiku nikasikia kitu kikiburutwa.
Nilishuka kwa soksi.
Kwenye zulia, mashimo manne palipokuwa na kochi tangu tuoane;
kochi lenyewe limesogea mbele mita mbili nzima,
na Orest hayuko juu yake.
Kapiga magoti, pua inakaribia kugusa kioo,
deki ya dola themanini inanguruma polepole,
picha imesimamishwa penye pipa la maji.

Hakugeuka.
Nikasimama nyuma yake, nikakaza macho.
"Sogea," nikamwambia. "Unaniziba."